KAMPUNI NI NGAO, NA NGAO INA SHARTI ZAKE

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wafanya biashara wa Visiwani wakaao Msamvu, Morogoro)



Tumeitwa hapa Msamvu kusema juu ya sheria mpya za makampuni, na twajua kuwa wako watakaouliza: chama cha siasa kina nini na makampuni? Jawabu letu ni fupi. Mtu asiyekuwa na hakika ya chakula cha kesho hawezi kuwa huru katika kura yake ya leo, na chakula cha wengi wenu hutoka katika biashara. Sheria inayotawala biashara hiyo imegeuzwa sana katika miaka yetu hii, bara na Visiwani. Wakubwa wanao mawakili wa kuwasomea. Mdogo hana wa kumsomea, naye huja kujua kuwa sheria imegeuka siku anapoletewa barua ya faini, au siku mwenziwe aliyechanga naye fedha anapomwambia, "Wewe humu huna kitu." Kwa ajili ya siku hiyo tumeona tuseme mapema.

Mahali hapa ni njia panda. Barabara moja yatoka Dar es Salaam, ya pili yaenda Dodoma, ya tatu yaenda Iringa na nchi za kusini. Na juu ya mji imesimama milima ya Uluguru, ambayo watu wake hulima ndizi, mboga, mdalasini, pilipili manga na iliki, hata karafuu ambayo ndugu zetu wa Pemba waliikuta huku kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini. Si ajabu, basi, kuwa watu wetu wamekaa hapa na kufanya biashara. Wengine hununua viungo Matombo na Kinole, wengine wana maduka, wengine wamechanga fedha wakanunua magari ya abiria.

Lakini wamechanga vipi? Hapo ndipo penye khatari. Tuseme watu watano wamekusanya mtaji wakanunua basi moja. Wanajuana, wamesali pamoja, wameoleana. Kadi ya gari imeandikwa jina la mmoja wao, kwa kuwa ndiye aliyekuwako siku ya kununua. Miaka minne wanagawana faida bila ya mzozo. Mwaka wa tano yule mmoja anafariki dunia. Mwanawe anafungua sanduku la marehemu anakuta kadi yenye jina la baba yake peke yake. Wale wanne wanakuja kutoa rambirambi, na baada ya arubaini wanakuja kusema habari ya basi. Yule kijana si mwizi. Ameona karatasi, na karatasi haiwataji. Wale wanne nao si waongo. Wana neno tu, na aliyeshiriki neno hilo yu kaburini.

Tugeuze mfano. Tuseme basi halikuleta faida, bali liliangusha watu, likaacha deni kubwa kuliko thamani yake. Katika ubia wa kawaida kila mbia hudaiwa deni lote, si fungu lake tu. Mdai hatawatafuta wote watano; atamtafuta yule mwenye nyumba. Basi mtu aliyetoa sehemu ya tano ya mtaji aweza kupoteza nyumba nzima ya watoto wake. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi Waislamu twajua kuwa aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani ndiyo inayoamrisha madeni yaandikwe na yashuhudiwe. Kuandikiana, basi, si dalili ya kutoaminiana. Ni heshima ambayo wenye kuaminiana hupeana, kwa kuwa wanajua kuwa binadamu hufa na husahau.

Ndugu wanachama, kampuni ni nini? Kampuni ni mtu aliyeumbwa na sheria. Hana mwili, lakini ana jina, ana mali, hudai na hudaiwa, na wenye hisa wake wakifa yeye hafi. Asili ya sheria zetu hizi ni Uingereza. Huko, mwaka 1855, ndiko sheria ilikotoa ruhusa kwa makampuni yaliyosajiliwa kuwa mwenye hisa asidaiwe zaidi ya ile hisa aliyoahidi. Mwaka 1896 lilifika mbele ya Baraza la Malodi shauri la mtengeneza viatu mmoja wa London, Aron Salomon. Aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda yeye na watu wa nyumba yake, na hisa karibu zote zilikuwa zake. Kampuni ikaanguka, wadai wakasema: kampuni hii si kitu, ni Salomon yule yule, na alipe yeye. Malodi wakakataa. Wakahukumu kuwa kampuni iliyosajiliwa kwa haki ni mtu mbali, na Salomon ni mtu mbali. Juu ya hukumu hiyo imejengwa sheria ya makampuni katika nchi zote zilizofuata njia ya Kiingereza, na zetu zimo.

Hii ndiyo ngao. Kampuni ikishindwa, wadai huchukua mali ya kampuni, na nyumba ya mwenye hisa husalimika. Lakini kila ngao ina sharti zake, na sharti ya kwanza ni hii: ikiwa kampuni ni mtu mbali, basi mali yake pia ni mbali. Mwaka 1925 Malodi hao hao waliamua shauri la Bwana Macaura wa Ireland, aliyeiuzia kampuni yake miti ya kupasua mbao, kisha akaikatia bima miti ile kwa jina lake mwenyewe. Moto ukaiteketeza. Hakulipwa hata senti moja, kwa sababu miti ilikuwa ya kampuni na bima ilikuwa yake. Enyi wenye magari, lisikieni hilo. Gari la kampuni likatiwe bima kwa jina la kampuni, na fedha za nauli ziingie benki katika hesabu ya kampuni, zisiingie mfukoni mwa mkurugenzi.

Mfano wa jambo hili mnao mbele ya macho yenu. Kituo cha mabasi cha Msamvu kilijengwa kwa ubia wa Manispaa ya Morogoro na mfuko wa pensheni uliokuwa ukiitwa LAPF, nao ubia huo ulivishwa vazi la kampuni. Mwaka 2018 LAPF iliunganishwa na mifuko mingine ikawa PSSSF, lakini kampuni haifi kwa sababu mwenye hisa wake amegeuka jina. Mtu akiuliza, "Stendi hii ni ya nani?", wengi watajibu kuwa ni ya Manispaa, au ni ya mfuko. Katika sheria, mali ya kampuni ni ya kampuni, na wenye hisa wana hisa. Kwa hivyo mwenye kutaka kujua nani anaamuru na nani anafaidi hatosheki kuitazama sakafu na mapaa. Sharti aulize hisa ni ngapi, za nani, na wakurugenzi ni akina nani. Huo ndio mwanzo wa maarifa ya makampuni.

Walakini ngao yaweza kugeuzwa upanga. Nchi hii ya Ukami tunayoikalia iliingia katika mikono ya wageni kwa njia ya kampuni. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenziwe walipita Unguja, wakavuka bara, wakarudi na karatasi walizodai kuwa ni mikataba ya masultani wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiza wa Ujerumani akazipa karatasi zile hati ya himaya, na haki zote zikaingia katika kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Sayyid Barghash alipinga, akaletewa manowari. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilishika utawala wa pwani, watu wakainuka pamoja na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, na mwaka 1891 Serikali ya Ujerumani ikachukua utawala wenyewe. Twayataja haya ili ijulikane kuwa karatasi mkononi mwa anayejua kusoma, mbele ya asiyejua, ni silaha. Wazee wetu walishindwa kwa bunduki. Lakini kabla ya bunduki walishindwa kwa karatasi.

Sasa tuje kwenye mageuzi. Tanganyika ilipewa sheria ya makampuni mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1929. Zanzibar nayo ilikuwa na Dikrii yake ya Makampuni, sura ya 153. Uingereza wenyewe waliigeuza sheria yao mwaka 1948, wakaigeuza tena mwaka 1985, na mwaka 2006 wakatunga iliyo mpya kabisa. Ilhali sisi tulibaki na nguo ya babu. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Makampuni Na. 12 ya mwaka 2002, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Uganda ilitunga yake mwaka 2012, Zanzibar ikatunga Sheria Na. 15 ya mwaka 2013, na Kenya mwaka 2015. Basi Afrika ya Mashariki yote imetengeneza upya nyumba hii, na si vema mpangaji awe wa mwisho kujua mlango ulipohamishiwa.

Katika sheria ya bara ya mwaka 2002, mambo manne yawahusu ninyi khasa.

La kwanza ni kumlinda anayefanya biashara na kampuni. Zamani kampuni ikifanya jambo lisilotajwa katika makusudi yake, jambo hilo lilikuwa batili, na aliyeiuzia bidhaa aliweza kuambiwa, "Pole, hatukuwa na uwezo wa kununua kwako." Sasa kampuni haiwezi kulikimbia deni kwa kisingizio hicho. Wenye hisa waweza kuwashitaki wakurugenzi waliovuka mpaka, lakini aliyeuza kwa nia njema ana haki yake.

La pili ni kazi za wakurugenzi. Sheria imeziandika: mkurugenzi afanye kazi kwa uaminifu na kwa faida ya kampuni, atumie mamlaka yake kwa makusudi yaliyowekewa, aangalie pia maslahi ya wafanya kazi, awe na uangalifu na ustadi. Ukurugenzi, basi, si cheo cha kuandikwa kwenye kadi ya kugawia watu harusini. Aliyekubali jina lake liandikwe kwa kumridhisha shemeji, naye hajui kampuni inafanya nini, amejitwika mzigo ambao hajaupima.

La tatu ni kumlinda mwenye hisa mchache. Wengi wenu mtakuwa katika kampuni ambamo mmoja au wawili wana hisa nyingi kuliko wenzao. Mwenye hisa akiona kuwa mambo ya kampuni yaendeshwa kwa namna ya kumdhulumu, aweza kwenda mahakamani, na mahakama yaweza kuamuru mambo yaendeshwe vinginevyo, au hisa zake zinunuliwe kwa bei ya haki. Tena aweza kuomba ruhusa ya mahakama ashitaki kwa niaba ya kampuni, pale wanaoidhulumu ni wale wale wanaoishikilia. Neno lile, "Wewe humu huna kitu," si neno la mwisho tena. Lakini si neno la mwisho kwa yule tu aliyeandikwa katika daftari la hisa.

La nne ni uwazi. Kwa mabadiliko ya mwaka 2020, na kanuni zilizofuata mwaka 2021, kampuni ya bara sharti imwarifu Msajili mmiliki manufaa ni nani, yaani yule binadamu hasa ambaye mwishowe ndiye mwenye mali au mwenye kuamuru, hata kama ameketi nyuma ya majina ya watu wengine. Hii ndiyo sharti kubwa ya ngao. Sheria imekubali kumkinga mwenye hisa asidaiwe deni la kampuni. Kwa malipo ya kinga hiyo inamtaka aonekane. Twaliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja, na twaongeza kuwa lisiwe kwa wauza viungo wa Msamvu tu. Likae vile vile juu ya makampuni makubwa yenye migodi, mahoteli na zabuni za Serikali.

Usajili wenyewe umekuwa mwepesi zaidi. Bara kazi hii iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, uitwao BRELA, na tangu mwaka 2018 maombi hupelekwa kwa intaneti, hata mtu wa Msamvu hana haja ya kulala Dar es Salaam kungoja muhuri. Zanzibar kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2012. Lakini urahisi huu una mtego wake. Wengi humpa kijana wa stationeri awafungulie, naye hutumia namba yake ya simu na neno lake la siri. Siku akihama, ufunguo wa kampuni umehama naye.

Ndugu wanachama, liko jambo linalotuhusu sisi watu wa Visiwani peke yetu. Usajili wa makampuni haumo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hivyo ziko sheria mbili, wasajili wawili na madaftari mawili. Kampuni iliyosajiliwa Unguja, ikitaka kuweka mahali pa biashara hapa Msamvu, hupitishwa mlango uliowekewa makampuni yaliyoundwa nje: hupeleka nakala ya katiba yake, orodha ya wakurugenzi wake, na jina la mtu akaaye bara wa kupokea hati kwa niaba yake. Asiyejua hayo hudhani kuwa hati ya Unguja yamtosha, na hugutuka akiulizwa hati ya bara.

Msimamo wetu tuueleze bila ya mafumbo. Hatusemi daftari la Visiwani lifutwe liingizwe katika la bara. Hilo hatutalikubali, maana ni haki ya Zanzibar kuwa na sheria zake katika mambo yasiyo ya Muungano. Wala hatusemi kampuni ya Visiwani iendeshe biashara bara bila ya kujulikana. Twasema madaftari mawili yasomane. Karatasi iliyokwisha kukubaliwa na Msajili wa Unguja ipokewe na Msajili wa bara, na ya bara ipokewe Unguja, bila ya mtu kuanza upya. Tangu mwaka 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki imetoa haki kwa makampuni ya nchi wanachama kujiweka katika nchi nyingine. Haingii akilini kuwa milango ifunguliwe kati ya mataifa, na mlango kati ya Malindi na Msamvu ubaki na komeo.

Jambo jingine ni lugha. Sheria ile ya mwaka 2002 ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kuwa lugha ya sheria iwe Kiswahili. Yatupasa kudai kuwa sheria ya makampuni kwa Kiswahili imfikie mwuza mdalasini hapo alipo, kwa maneno anayoyafahamu. Tumekwisha kueleza yaliyoipata nchi ya Ukami kwa karatasi zisizosomeka kwa wenyewe.

Sasa, baada ya haya, mfanye nini?

Kwanza, msichanganye jina la biashara na kampuni. Hati ya kusajili jina la biashara haimfanyi mtu kuwa kampuni, wala haimpi ngao. Wengi wameitundika dukani katika kioo, wakidhani wamekingwa, nao wako uchi.

Pili, walio katika biashara ya mdomo waandikiane sasa, wakiwa hai na wakiwa wanapendana. Kama biashara ni ndogo, mkataba wa ubia ulioshuhudiwa watosha. Kama ina khatari ya madeni, kama ilivyo ya magari, fikirini kampuni.

Tatu, mnapounda kampuni, isomeni katiba yake kabla ya kutia sahihi. Tazameni khasa mambo haya: hisa za kila mtu, mwenye hisa akifa hisa zake zaenda kwa nani na kwa bei gani, na nani atatia sahihi benki. Msikubali katiba ya kunakiliwa tu kutoka kampuni nyingine.

Nne, kila mwaka pelekeni taarifa ya mwaka kwa Msajili, hata kama hamkupata faida, hata kama gari limelala gereji. Kampuni isiyopeleka taarifa huzidi kulimbikiziwa faini, na yaweza kufutwa katika daftari. Kumwumba mtu wa sheria kisha kumtupa ni hasara kuliko kutomwumba kabisa.

Tano, mjue mipaka ya ngao. Benki ikitaka dhamana yako mwenyewe, nawe ukaitia sahihi, umeivua ngao kwa mkono wako. Na anayeitumia kampuni kuwadhulumu wadai, sheria huweza kumpokonya ngao na kumdai yeye.

Ndugu Mwenyekiti, sisi hatukuja hapa kumfundisha mtu kuwa tajiri. Tumekuja kusema kuwa haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama shamba lililo mbali: jirani ndiye achumaye. Kila tawi na lichague mtu mmoja ajuaye kusoma na kuandika vizuri, akusanye karatasi za wanachama wanaofanya biashara ya shirika, awasomee moja moja, na asiyekuwa na karatasi asaidiwe kuipata. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji uaminifu na jioni chache za kila mwezi. Mkirudi majumbani usiku huu, kila mmoja ajiulize: lau ningefariki kesho, au lau mwenzangu angefariki, ni karatasi ipi ingesema kuwa mali hii ni yetu sote? Asiyekuwa na jawabu aanze kazi kesho asubuhi.